Toleo Lipi Ndilo Filamu? Mtazamaji wa Longech na Upofu wa Uhakiki wa Kiswahili

Utangulizi

Mzozo kuhusu matoleo mapya ya filamu za kale za bunilizi ya kisayansi umedumu kwa zaidi ya miongo mitatu, na katika muda huo wote idara za Kiswahili za Afrika Mashariki zimeutazama kwa mbali, kama ugomvi wa nyumba ya jirani. Mashabiki wa Marekani na Ulaya wamebishana ni ipi Star Wars ya kweli, ni ipi Blade Runner ya kweli, na ni nani mwenye mamlaka ya kuibadili kazi ambayo umma umekwisha kuipokea. Ubishi huo umehesabiwa kuwa jambo la starehe, lisilomhusu mtaalamu wa tenzi, ngano na riwaya.

Makala haya yanapinga mtazamo huo. Yanadai, kwanza, kwamba swali wanalolizozania mashabiki ndilo swali la msingi la taaluma ya matini. Pili, kwamba jibu lililo bora kuliko yote yaliyokwisha kutolewa limo katika utamaduni wa filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili, unaoanzia mijini hadi vibanda vya video vya pembezoni kabisa mwa Kenya. Tatu, kwamba kimya cha wahakiki kinaipoteza sehemu nzima ya fasihi ya Kiswahili ambayo, ikishatoweka, haitapatikana tena.

Longech imechaguliwa hapa kwa sababu iko mbali na kila kinachoitwa kitovu. Ni makazi ya wavuvi kwenye ulimi wa mchanga unaoitenga Ghuba ya Ferguson na Ziwa Turkana, jirani na Kalokol. Bidhaa za kusini huufikia mwambao huo kwa barabara ya Kitale na Lodwar. Kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi ya Lodwar iko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, na ambako Waturkana, Wasudani, Wasomali, Wahabeshi na Wakongo wamelazimika kutafuta lugha za kukutania, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwaka 2001 shirika la FilmAid lilianza kuonyesha filamu hadharani katika kambi hiyo. Katika eneo kama hili filamu haifiki ikiwa kwenye kasha lenye maelezo ya mwaka, toleo na idhini ya mwongozaji. Hufika imechelewa, imenakiliwa mara kadhaa, na aghalabu ina sauti ya mtu mwingine juu yake.

Hoja ya Tarehe na Hoja ya Mtunzi

Mzozo wa mashabiki una pande mbili kuu. Upande wa kwanza hushikilia tarehe: filamu ni ile iliyoonyeshwa mara ya kwanza, na kila kilichofuata ni kiraka. Upande wa pili hushikilia mtu: filamu ni ile anayoiridhia mwongozaji, hata akiikamilisha miaka 20 baadaye.

Mfano unaotajwa mno ni Star Wars ya George Lucas. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1977. Mwaka 1997 Lucas aliitoa upya ikiwa na picha na sauti mpya, na tukio moja likawasha moto usiozimika hadi leo. Katika toleo la 1977 mlanguzi Han Solo, akiwa ameketi mezani na adui aliyekuja kumkamata, humpiga risasi adui huyo kabla hajapigwa. Katika toleo la 1997 adui ndiye anayetangulia kufyatua. Tukio hilo lilirekebishwa tena mwaka 2004, na tena mwaka 2019.

Wapo wasomi wanaocheka kusikia kwamba watu wazima wamegombana robo karne kwa ajili ya risasi moja. Wangecheka kidogo zaidi kama wangekumbuka wanachokifundisha kuhusu ujenzi wa wahusika. Mlanguzi anayeua kwanza ili ajinusuru, kisha mwishoni akarudi vitani kuwaokoa wenzake, amesafiri safari ndefu ya kimaadili. Mlanguzi anayejitetea tu tangu mwanzo alikuwa mtu mwema. Safari yake ni ya hatua mbili. Risasi moja imebadilisha dhamira ya kazi nzima. Mashabiki waliliona hilo bila kufundishwa istilahi hata moja, na waliloliona ni uhakiki.

Hata hivyo kila upande una tundu lake. Anayeshikilia tarehe hudhani kwamba kanda ya video aliyoipenda utotoni ndiyo asili yenyewe. Sivyo. Maneno yanayoitambulisha Star Wars kuwa sehemu ya nne ya kisa kirefu hayakuwamo mwaka 1977. Yaliongezwa mwaka 1981, kabla ya filamu hiyo kutolewa kwa kanda za nyumbani. Aliyekuwa akiitetea kanda yake dhidi ya mabadiliko alikuwa akitetea kazi iliyokwisha kubadilishwa.

Anayemshikilia mtunzi naye hana pa kukimbilia. Mwaka 1988 Lucas alifika mbele ya Bunge la Marekani kupinga wenye mali kuzibadili filamu za kale. Miaka 9 baadaye akazibadili zake. Steven Spielberg alitoa upya E.T. mwaka 2002, bunduki za maafisa wanaowafukuza watoto zikiwa zimegeuzwa kuwa redio za mkononi. Baadaye alijutia uamuzi huo, na toleo la diski la mwaka 2012 likarejesha bunduki. Basi ni Spielberg yupi wa kufuatwa, wa 1982, wa 2002 au wa 2012? James Cameron alipotoa upya Aliens na The Abyss kwa diski mwaka 2024, mashabiki walilalamika kwamba programu za kompyuta zilizotumiwa kunoa picha zimezifanya nyuso za waigizaji zing'ae kama nta. Cameron aliwapuuza. Idhini ya mtunzi ilikuwapo. Nyuso za watu hazikuwapo.

Kosa la pande zote mbili ni moja. Zote zinamtafuta mwenye filamu, iwe ni siku au ni mtu, zikidhani kwamba akipatikana mwenyewe kesi imekwisha. Hakuna upande unaouliza kwanza kila toleo linafanya nini kwa hadhira iliyolipokea.

Sauti Iliyoongezwa

Blade Runner ya Ridley Scott inaonyesha jinsi swali hilo lilivyo gumu. Filamu hiyo ilipoonyeshwa kwa majaribio kabla ya kutolewa mwaka 1982, watazamaji hawakuielewa vizuri. Wenye fedha wakaagiza mwigizaji mkuu, Harrison Ford, arekodi usimulizi wa kueleza yanayotokea na yaliyomo moyoni mwa mhusika wake. Wengi walioandika juu ya filamu hiyo waliubeza usimulizi huo. Mwaka 1992 ukaondolewa katika toleo lililoitwa la mwongozaji, na mwaka 2007 likatoka toleo jingine lililoitwa la mwisho, nalo halina usimulizi. Mwaka huohuo likauzwa kasha lenye matoleo 5 tofauti ya filamu hiyohiyo.

Wasomi wengi walishangilia kuondolewa kwa sauti ile kama watu walioona uchafu ukifutwa. Lakini wapo mashabiki, nao si wachache, ambao hadi leo hupendelea toleo lenye usimulizi. Hoja yao ni kwamba sauti ile ya uchovu ndiyo iliyowafungulia mlango, na kwamba bila yake mhusika mkuu hubaki kivuli. Hoja hiyo haiwezi kutupwa. Inadai kwamba sauti ya msimulizi inayoongezwa juu ya picha yaweza kuwa sehemu halali ya kazi hata kama mtunzi hakuitaka.

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia, na inaingia ikiwa na uzoefu. Kwa miongo kadhaa filamu za Marekani, Hong Kong na India zimewafikia watazamaji wa Kiswahili kupitia wasimulizi. Dar es Salaam ilimjua Lufufu. Kenya inamjua DJ Afro. Uganda ina mavijei wake wanaosimulia kwa Kiganda. Msimulizi wa aina hii hatafsiri tu. Humpa mhusika jina la mtaani, hutabiri, hukejeli, huonya, huingiza methali, huileta njama ya mbali katika mazingira ya karibu. Mteja anayetafuta nakala huulizia ile ya DJ Afro. Jina la mwongozaji halimshughulishi. Kwa mteja huyo msimulizi ndiye anwani ya matini.

Mtazamaji wa Longech anayeitazama The Terminator (1984) au Predator (1987) kupitia sauti ya namna hiyo ana mbele yake toleo kamili, lenye fanani, lenye hadhira iliyokusudiwa, lenye mtindo. Na kwa kuwa lugha yake ya nyumbani ni Kiturkana, yeye hulipokea akiwa tayari amesimama kati ya lugha tatu: Kiingereza kinachosikika kwa chini, Kiswahili kinachosikika kwa juu, na Kiturkana anachokitumia kumweleza aliyeketi kando yake. Kila hatua ni usimulizi upya. Hukumu yake haiulizi kama toleo hili ni la 1984. Inauliza kama msimulizi ameimudu kazi yake: je, amekaa kimya palipostahili kimya, amechelewa, ameharakisha, amekijua kisa au amebahatisha? Hivyo ni vigezo vya utendaji, na ndivyo vigezo ambavyo wataalamu wa fasihi simulizi wamekuwa wakivifundisha tangu taaluma hiyo ipate kiti chuoni.

Unafiki wa Darasani

Basi kwa nini vigezo hivyo vinakataliwa hapa? Mwanafunzi wa mwaka wa pili hufundishwa kwamba ngano haina nakala asilia. Huelekezwa kwa Albert Lord, ambaye katika kitabu chake cha 1960 alionyesha kwamba kila uimbaji wa utenzi simulizi ni uumbaji mpya. Akiwa mwanafunzi wa Lodwar ana mfano wa nyumbani: simulizi ya Nayece, mwanamke anayetajwa katika asili ya Waturkana, husimuliwa pia na Wajie wa Uganda, na hakuna mwenye akili timamu anayeuliza ni usimulizi upi uliotoka kiwandani kwanza.

Hata katika fasihi andishi hali ni hiyohiyo. Habari za Liyongo zilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Utendi wa Muhammad Kijumwa ni wa mwaka 1913. Na kabla ya vyote hivyo, na baada yake, Liyongo aliimbwa. Al-Inkishafi imetufikia kwa miswada na machapisho yanayotofautiana kwa idadi na mpangilio wa beti. Chapisho lililomo katika kitabu cha Stigand cha 1915 silo la Hichens la 1939. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa sababu hiyo Al-Inkishafi imeharibika. Tofauti hizo zimezaa tasnifu na vyeo.

Mhakiki yuleyule anayezila tofauti za miswada kama mkate wake wa kila siku, akisikia sauti ya msimulizi juu ya filamu husema filamu imechafuliwa. Akiambiwa kwamba bunilizi ya kisayansi ni utanzu unaostahili kozi, hukubali, mradi uwe umefungwa katika jalada. Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambamo shujaa hupakiwa katika chombo cha angani na kuibukia katika ulimwengu mwingine, hufundishwa bila aibu. Lakini usimulizi wa Kiswahili wa chombo kama hicho, uliosikiwa na watu wengi ambao hawatakaa waishike riwaya hiyo mkononi, hauna hata mstari katika muhtasari wa kozi. Kinachochungwa hapa ni mpaka wa tabaka: kile kinachonunuliwa katika duka la vitabu ni fasihi, na kile kinachosikilizwa kwa shilingi chache kwenye benchi la mbao ni kelele.

Mapingamizi Matatu

Pingamizi la kwanza ni la kisheria. Nakala nyingi zinazosimuliwa zilipatikana bila idhini ya wenye haki. Ni kweli, na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haina utata juu ya hilo. Lakini uhalali wa nakala ni suala la mahakama, na kuwapo kwa matini ni suala la taaluma. Mgala muue na haki umpe. Msimulizi anaweza kudaiwa fidia na bado akawa fanani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wapo wanaosema kwamba usimulizi huua filamu zenye kutegemea ukimya. 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick (1968) hupita dakika zipatazo 25 kabla ya neno la kwanza kutamkwa, na muda mwingi wa hizo huonyesha viumbe wanaofanana na nyani katika jangwa la Afrika ya kale. Msimulizi atakayelijaza jangwa hilo kwa maneno atakuwa ameondoa kile kilichokusudiwa kusemwa. Pingamizi hili lina haki. Katika eneo ambalo mifupa ya mvulana wa Nariokotome ilifukuliwa mwaka 1984, na zana za mawe za Lomekwi, zenye umri wa miaka milioni 3.3, zikatangazwa mwaka 2015, ukimya ule una uzito wa pekee, na mtazamaji wa Turkana ana haki ya kukutana nao ukiwa mtupu. Lakini hoja hii haiwapi wahakiki ruhusa ya kuukataa utanzu. Inawapa kazi: kutofautisha usimulizi unaofungua na usimulizi unaoziba. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiyesikiliza. Na ikumbukwe kwamba Kubrick mwenyewe aliikata filamu hiyo kwa dakika zipatazo 19 siku chache baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza. Hata jangwa lile lina matoleo.

Pingamizi la tatu hutoka kwa marafiki, nao ni hatari kuliko maadui. Wanasema: kwa kuwa kila toleo ni halali, hakuna haja ya kujali asili, mtazamaji wa Longech ameumba filamu yake, yatosha. Sifa hizi ni dharau iliyovaa kanzu. Mashabiki wa The Terminator walilalamika kwa miaka kwamba milio ya bunduki ilitiwa upya katika matoleo ya diski, na sauti asilia ikaachwa nje. Walikuwa na haki ya kujua kilichoondolewa. Mtazamaji wa Longech naye ana haki hiyohiyo. Akipewa Blade Runner hana budi kuweza kujua kama aliyopewa ni ya 1982 au ya 1992, na ni nani aliyeweka au kuondoa sauti. Kumwambia kwamba yeye, kwa kuwa ni maskini na yuko mbali, hahitaji kujua hayo, ni kumnyima uhakiki kwa jina la kumpongeza.

Ghala la Pembezoni

Lipo jambo moja ambalo historia ya filamu hizi imelithibitisha mara kadhaa, nalo linapaswa kuwakosesha usingizi wakuu wa idara. Kilichopotea katika kitovu hupatikana pembezoni. Metropolis ya Fritz Lang ilionyeshwa Berlin mwaka 1927, kisha ikakatwa, na sehemu zilizokatwa zikadhaniwa zimekwisha. Mwaka 2008 nakala yenye dakika zipatazo 25 za sehemu hizo ilitambuliwa katika jumba la makumbusho la Buenos Aires, na mwaka 2010 filamu ikarejeshwa karibu kamili. BBC ilifuta kanda nyingi za mfululizo wake wa Doctor Who. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vya miaka ya 1960 vilivyokuwa vimepotea vimepatikana Jos, Nigeria. Mashabiki wa Uingereza wakanunua kwa shangwe kitu ambacho shirika lao lilikitupa na rafu ya Afrika ikakitunza.

Mashabiki wenyewe wamelielewa somo hilo. Waliponyimwa Star Wars ya 1977, walikusanya vipande kutoka nakala mbalimbali, wakavilinganisha, wakasahihisha rangi, wakaweka kumbukumbu ya kila chanzo. Kuanzia mwaka 2011 kazi yao ikaanza kusambaa. Hivyo ndivyo aharirivyo mhariri wa miswada. Juni 2025 nakala ya 1977 ilionyeshwa London katika tamasha la BFI, na watu wakaipokea kama waliorudishiwa mali yao.

Na hapa je? Nani ameweka kumbukumbu ya nakala zilizosimuliwa kwa Kiswahili? Matthias Krings, mtaalamu wa Kijerumani, aliwaandikia wasimulizi wa Tanzania katika kitabu chake cha 2015. Uganda imebahatika kwa namna nyingine: Who Killed Captain Alex? (2010) inajulikana duniani pamoja na sauti ya VJ Emmie iliyomo, kwa hiyo msimulizi amehifadhiwa ndani ya kazi yenyewe. Lakini kanda za VHS za wasimulizi wa Kiswahili zinaoza; diski zimekwaruzwa na joto na vumbi; mafaili hufutwa kwenye kadi ili kupisha mengine. Maji ya Ziwa Turkana yalipopanda kuanzia 2019 na 2020, yaliyafurika makazi ya mwambao wa Ghuba ya Ferguson, Longech ikiwamo. Watu wanaohamisha watoto na nyavu hawawezi kulaumiwa kwa kutohamisha diski. Wanaoweza kulaumiwa ni wale wenye maktaba, mshahara na muda.

Hitimisho

Kinachotakiwa ni kidogo na kinawezekana. Kila usimulizi wa Kiswahili wa filamu utakaopatikana, kuanzia zile za kale za bunilizi ya kisayansi, uorodheshwe kwa jina la filamu, toleo lililotumiwa na mwaka wake, jina la msimulizi, mahali na wakati wa kusimulia, na lugha au lahaja. Wasimulizi wahojiwe wakiwa hai. Maoni ya watazamaji wa Longech, Lodwar na Kakuma yakusanywe kwa utaratibu uleule unaotumiwa kukusanya ngano, nao watambuliwe kuwa wahakiki, wala si sampuli. Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kiko Lodwar, mwendo mfupi kutoka ziwani. Idara za Nairobi, Eldoret, Maseno na Dar es Salaam zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada hadi wanarudia zilezile.

Mashabiki wa Marekani waliipigania risasi moja mpaka dunia ikawasikiliza. Idara za Kiswahili zina sauti nzima za kupigania, na zisipoanza sasa, atakayeuliza baada ya miaka 20 jinsi filamu hizi zilivyosimuliwa huko ziwani atapewa tarehe ya toleo la Los Angeles na jina la mwongozaji, basi.